Ramani Isiyo na Vilima

Mmeniuliza mji wa Kabaka ukoje, kila mmoja kwa wakati wake, pale tunapokaa kwa fundi viatu. Nimekuwa nikijibu kwamba mji ni mkubwa na ndizi ni tamu. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, na kila nikianza kueleza zaidi mtu hutaja bei ya sukari, tukapotelea huko. Kwa hiyo nimeandika. Someni kwa zamu, na fundi asizitumie karatasi hizi kufungia viatu vya watu.

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mnakili wa ramani katika ofisi moja hapa Kisumu. Sikupima ardhi. Walipima wengine, mimi nikanakili kwa wino. Katika miaka hiyo niliwaona watalii wakiletwa ziwani kutazama viboko. Walitazama, wakala samaki, wakaondoka wameridhika. Nikaona hiyo ni kazi nitakayoiweza nikistaafu. Mahali pa kwenda nilipajua tangu shule ya sekondari, ambako mwalimu wa historia alitueleza mji mkuu wa kale wa Buganda: barabara pana zilizofagiwa, nyua za matete, ikulu juu ya kilima, na wafalme wanne waliozikwa ndani ya nyumba moja kubwa ya nyasi. Basi nilistaafu, nikanakili ramani ya Kampala kutoka karatasi kuukuu ya ofisini, nikamwambia mke wangu Rispa ajiandae.

Ramani ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Barabara zilikaa sawa na majina yalisomeka. Mistari inayoonyesha vilima niliiacha, kwa sababu ilikuwa inachafua karatasi.

Rispa alisema, "Mama naye anakuja."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Wako si tulimzika?"

Wale mliotoka Nyanza na upande wa Waluhya mnaweza kuruka aya hii. Wengine mjue kwamba kwetu Wajaluo mama mkwe, yaani maro, huheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Hamlali chini ya paa moja. Ukiwa na neno naye unampa mtu mwingine ampelekee, hata kama mama mkwe mwenyewe yuko hatua tatu na amelisikia. Mama mkwe wangu ananizidi miaka minne tu, kwa kuwa nilichelewa kuoa. Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa hajaniambia neno hata moja, nami nilikuwa sijamwambia. Tulipatana vizuri sana.

Kisumu hadi Ugunja, nikiwa nimekaa

Basi lilitakiwa kuondoka saa moja asubuhi ya Ijumaa. Liliondoka saa tatu kasoro robo, kwa sababu dereva alikuwa anamngoja mtu aliyekuwa na ufunguo wa kitu fulani. Hatukuambiwa ni kitu gani. Mtu huyo alipofika, alikuja mikono mitupu, na basi likawaka vilevile.

Nilikaa dirishani na ramani yangu mapajani. Kabla ya Maseno nilikuwa nimemweleza Rispa mpango wote: mnara wa saa, bunge, Mengo penye ikulu, kisha makaburi ya Kasubi. Mtalii, nilimwambia, hufuata mpangilio.

Rispa akasema, "Makaburi tungeanza nayo. Mama ana mtu wa kusalimia pale, na huyo mtu anaondoka Jumamosi mchana."

"Tutafika kabla ya mchana."

"Sawa. Umesema wewe."

Ugunja hadi Busia, nikiwa nimesimama

Pale Ugunja mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara amevaa gomesi, lile vazi la wanawake wa Kiganda, ya rangi ya zambarau, mshipi wake mpana umefungwa vizuri kiunoni. Niliona amependeza, na sikuona zaidi ya hapo. Mtu mwenye akili angejiuliza bibi wa Alego amejifunza wapi kufunga gomesi namna ile.

Katika basi zima kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, na kilikuwa karibu yangu. Rispa alikuwa upande wa pili wa njia, kati ya wanawake wawili wenye kuku. Nilisimama mara moja.

Kondakta alishangaa. "Mzee, kiti yako iko hapo!"

"Nimechoka kukaa."

"Wewe mama, kaa basi."

Mama mkwe naye hakukaa, kwa sababu kiti kilikuwa bado na joto langu. Viti viwili vikawa vitupu, na watu wawili tumesimama, mmoja mbele na mmoja nyuma, tukitazama nje kila mtu upande wake. Kondakta akasema amebeba wendawazimu siku nyingi lakini hawa wa leo wamelipa nauli.

Bwana mmoja wa Kiluhya aliyekaa nyuma ndiye aliyetuokoa. "Konda, wacha kelele. Hujaona huyo ni mkwe wake? Wewe hujaoa?"

"Nimeoa, lakini mama ya bibi yangu tunakula naye."

"Ndiyo maana umekonda hivyo!"

Basi zima likacheka. Wanawake wa kuku wakahama, Rispa na mama yake wakapata viti pamoja, nami nikabaki nimesimama hadi Busia kwa sababu sasa heshima yangu ilikuwa inatazamwa.

Kuvuka mpaka

Pale Busia mtu huvuka kwa baiskeli. Unapanda nyuma, vijana wanapiga kelele "boda, boda," na unashukia Uganda. Nilishauri tutembee. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshapanda kiupande, ameweka mfuko magotini, na baiskeli imeshika njia. Tulimkuta ng'ambo amekaa na mwanamke mmoja anayepeleka omena, yaani dagaa, Kampala. Ni mwanamke huyo aliyekuwa amemletea habari za rafiki yake wiki tatu nyuma.

Hapa naandika jambo ambalo wakati ule sikulijua. Mimi niliambiwa ni salamu tu. Ukweli wote niliupata kesho yake, lakini nauweka hapa ili msije mkanihurumia mapema.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa reli. Aliishi Kampala na mke wake miaka kumi na sita, na Rispa akabaki Alego kwa bibi yake kwa ajili ya shule. Jirani yao kule alikuwa mwanamke wa Kiganda aliyeitwa Nalongo, jina wanalopewa waliozaa mapacha. Mwaka ule Wakenya walipoambiwa warudi kwao, mama mkwe alikuwa amelazwa hospitalini na homa kali, na kitinda mimba wake, mtoto wa kiume wa miezi minne, alikufa kwa homa hiyohiyo. Baba mkwe alikuwa safarini na treni. Nalongo na ndugu zake wakamzika mtoto katika shamba lao la migomba kijijini, ambako mama mkwe hakuwahi kufika. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alitolewa kitandani, akapandishwa treni ya kurudi Kenya akiwa bado anatetemeka. Hakuonyeshwa kaburi, na mume wake pia hakulijua. Mama mkwe alikuwa hajalijua hadi siku tuliyovuka mpaka. Mtu aliyebaki anayelijua alikuwa mmoja tu.

Sasa mwanamke wa omena alikuwa amemwona Nalongo pale Kasubi. Makaburi ya wafalme hutunzwa na wanawake wanaohesabiwa kama wake wa hao waliolala ndani, na huishi pale kwa zamu, mwezi mmoja mmoja. Zamu ya Nalongo ilikuwa inaisha Jumamosi hiyo mchana. Akishatoka pale hurudi kijijini, na kijiji hicho mwanamke wa omena hakukijua. Kina Nalongo ni wengi Uganda kama akina Akinyi kwetu. Ukimpoteza mmoja huwezi kumtafuta kwa jina.

Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo. Niliambiwa rafiki, nikaambiwa Jumamosi mchana. Hayo mawili yangemtosha mtu mwingine yeyote.

Busia hadi Kampala, kuku mkononi

Gari la pili lilipasuka gurudumu kabla ya Jinja, na la akiba lilipofungwa likaonekana nalo limepasuka zamani. Tulikaa kando ya miwa saa mbili na nusu. Nilitumia muda huo kuwaeleza abiria wenzangu kuhusu mji wao mkuu. Walisikiliza kwa adabu. Mmoja aliuliza kama mimi ni mchungaji.

Tulipovuka Nile nilisimama kuuona vizuri na kugonga kichwa. Baada ya msitu wa Mabira gari lilisimama penye wachuuzi, na madirisha yote yakajaa kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi zilizobabuliwa. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Nilinunua vijiti vitatu, nikampa Rispa viwili, naye akampa mama yake kimoja.

Hapo tukakwama. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele yangu. Nikila ataniona akigeuka. Yeye akila nitamwona hata asipogeuka. Alishika kijiti chake, nami nikashika changu, mafuta yakatiririka hadi viwiko. Rispa alikula chake chote, akalamba vidole.

Mama mmoja wa Kiganda aliyekaa karibu nami alinitazama kwa muda mrefu. "Ssebo, huyo kuku ana shida gani?"

"Hana shida."

"Basi wewe ndiye una shida."

Tuliingia Kampala jua likishuka, kila mmoja na kuku wake baridi ndani ya gazeti. Rispa alipata kitanda chake na cha mama yake katika hosteli ya wanawake ya kanisa moja. Mimi nilikwenda nyumba ya wageni mtaa wa tatu kutoka pale, kwa sababu ya lile jambo la paa. Nilikula kuku wangu huko, peke yangu, nimeufunga mlango.

Jumamosi, kwa mpangilio

Tulipatana tukutane saa mbili asubuhi langoni pa hosteli. Niliondoka saa moja na nusu, na kwa ramani yangu ilikuwa dakika tano. Lakini majina ya barabara yalikuwa yamebadilishwa tangu karatasi ile ya ofisini ichapwe, na ile niliyodhani iko sambamba na nyingine ilikuwa iko juu yake, kwenye mteremko. Nilifika saa tatu. Wanawake wawili walikuwa wamesimama langoni wamevaa, wameshika mifuko.

"Mama anauliza kama umeamka mgonjwa," Rispa alisema.

"Mwambie mimi ni mzima. Twende mnara wa saa."

"Kasubi je?"

"Ni njiani."

Haikuwa njiani. Mnara wa saa uko upande mmoja wa mji na Kasubi iko upande mwingine kabisa. Tuliutazama mnara. Saa yake ilikuwa imesimama, kwa hiyo hatukukaa. Bunge tuliliona kwa nje, na askari akatuomba tulione kwa mbali zaidi. Saa nne na nusu tukaelekea Mengo.

Lazima niseme kitu kuhusu kuuliza njia. Kiswahili kule Kampala kiliwafikia watu wengi kwa midomo ya wanajeshi, na jambo hilo hawajalisahau. Nilimsimamisha bwana mmoja nikamuuliza kwa Kiswahili changu kizuri Kasubi ni wapi. Alinyooka kama nguzo, akasema, "Ndiyo, afande," akanionyesha kidole upande mmoja, kisha yeye mwenyewe akaenda upande mwingine kwa haraka. Nikamuuliza wa pili kwa Kiingereza. Huyu alinijibu kwa upole mno, akanieleza kila kitu isipokuwa njia.

Mengo palikuwa pazuri. Ufalme ulikuwa umerudishwa juzi tu, na watu walikuwa wanapaka rangi na kufyeka nyasi. Ile barabara iliyonyooka kutoka lango la ikulu, niliyoichora katika daftari la shule kabla sijaiona, ilikuwa pale pale, imenyooka kweli. Nilisimama katikati yake, macho yakanilengalenga. Rispa alinivuta mkono gari lisinigonge.

"Baba Akinyi, saa tano imepita."

"Kasubi ni mbele hapa, tunapandisha kidogo."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu kama hatua kumi. Alimwambia Rispa kitu, taratibu. Rispa akanigeukia. "Mama anasema Kasubi si kilima hiki. Kasubi ni kile kule chenye miti mingi."

Nilitazama kule. Niliona vilima vitatu. Nikatazama ramani, na ndani ya ramani hapakuwa na kilima hata kimoja.

"Mwambie Mama," nilisema, "ramani hii imenakiliwa ofisini."

Rispa hakupeleka maneno hayo, na hapakuwa na haja. Mama mkwe alikuwa na masikio mazuri. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekubali. Kwa mila yetu mama mkwe hawezi kumsahihisha mkwe wake mbele ya watu. Nililijua hilo wakati ninasema. Ningemuuliza kidogo tu, kupitia Rispa, angejibu. Sikuuliza. Tukapanda.

Tulipofika juu tulikuta kanisa kubwa sana la Kikatoliki. Lilikuwa zuri. Halikuwa makaburi ya wafalme. Nilisema kwamba mtalii hulitazama pia kanisa, tukalizunguka. Kisha nikasema lazima tumevuka upande usio wetu, tukashuka, tukapanda barabara nyingine, tukafika kwenye kanisa lile lile kwa nyuma yake. Mara ya pili mama mkwe alikaa juu ya ukuta mfupi, mikono mapajani, akatazama kile kilima chenye miti mingi.

Saa saba nilisema tule. Chini ya kilima palikuwa na kibanda cha chakula, na mama mkwe akaenda kulia upande wa jikoni, nyuma ya pazia, ili nisimwone. Nilikuwa nimeanza matoke na mchuzi wa karanga niliposikia kicheko kule jikoni. Mwanamke mmoja alikuwa anasimulia jambo kwa Kiganda, haraka haraka, na wapishi wanapiga makofi.

"Huyo anayechekesha watu ni nani?" nilimuuliza Rispa.

"Ni Mama."

"Mama gani?"

Rispa aliweka kijiko chini. "Baba Akinyi. Amekaa mji huu miaka kumi na sita. Ulifikiri alikuwa anafanya nini, kulala?" Kisha akanyoosha mkono juu ya sahani. "Kunja hicho kitu. Nipe."

Nilimpa ramani. Mama mkwe akatoka jikoni, akafunga mshipi wake vizuri, akashika njia mbele yetu. Hakutazama kulia wala kushoto. Nilimfuata mama mkwe wangu kwa mgongo, jambo ambalo si adabu, na kile kilima chenye miti mingi kilikuwa kirefu. Mara mbili ilibidi wanisubiri.

Kasubi

Ni nyumba kubwa ya nyasi kama nilivyoelezwa shuleni, isipokuwa hakuna maelezo yanayoweza kukuandaa. Paa linaanza mbinguni na kuishia karibu na ardhi. Unavua viatu. Ndani kuna kiza na harufu ya majani makavu, na mbele kabisa pazia la nguo ya magome, na nyuma yake ndiko wafalme walikolala. Wanawake wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka kando ya ukuta.

Mama mkwe alipiga magoti mlangoni. Sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Akaanza kusalimia kwa ile salamu ndefu ya Kiganda inayouliza na kujibu, kuuliza na kujibu, sauti ikishuka kila mara, na bibi mmoja wa mbele akamjibu kwa namna ile ile. Kisha akauliza swali. Nilisikia jina la Nalongo.

Bibi yule alisema maneno machache, akaonyesha nje.

Mama mkwe hakulia. Alibaki vile vile kwenye magoti, akapapasa mkeka mbele yake kwa kiganja, kama anayeufuta vumbi. Bwana mmoja mtu mzima aliyevaa kanzu na koti, anayewaongoza wageni, aliniambia kwa Kiingereza yaliyosemwa. Nalongo alikuwa ameondoka saa saba na robo. Kijiji chake kiko mbali, upande wa Singo, lakini hakuna pale aliyewahi kufika kwake. Atarudi zamu yake ikifika tena, baada ya miezi mingi, Mungu akipenda. Wote pale ni wazee.

Saa saba na robo nilikuwa naomba niongezwe mchuzi wa karanga.

"Wanasema tunaweza kumwachia barua," Rispa alisema. "Nipe daftari, niandike."

Mama mkwe akasema, "Aandike yeye. Wewe mwandiko wako ni wa kuku. Yeye ana mwandiko wa ofisi."

Kisha akanigeukia. Macho yake aliyaweka kwenye bega langu, si usoni, lakini alinigeukia mimi.

"Andika," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu katika miaka ishirini na tisa.

Nilikaa kwenye mkeka, nikafungua daftari, nikaandika. Alisema barua kwa Kiganda, kipande kwa kipande, akanisubiri nimalize, akaendelea. Sikuelewa hata neno moja. Niliandika kila sauti kama nilivyoisikia, kwa mwandiko ule ule niliotumia miaka thelathini na moja kunakili vitu nisivyovipima. Mahali pamoja alisimama, akaangalia pazia, nikangoja. Ilijaa ukurasa mmoja.

Bibi wa pale aliichukua akaisoma kwa sauti kuona kama inasomeka. Wenzake wakaitikia "mm, mm". Nilidhani nimesemwa vibaya ndani yake, na nilikuwa tayari. Nikamwomba yule bwana wa kanzu anifasirie.

Alifasiri hivi: "Nalongo rafiki yangu, nimekuja Jumamosi, nimekuta umeondoka. Nimekuja na binti yangu mkubwa na mume wake. Mume wake ni mtu mzuri, yeye ndiye aliyenileta. Tumechelewa kwa sababu ya miguu yangu. Nimezeeka, kila mahali walikuwa wananingoja. Mtoto alilala upande gani wa shamba? Ukirudi, waachie watu wa hapa neno, nitakuja tena. Nikiwa sipo, mwonyeshe binti yangu."

"Mtoto gani?" nilisema.

Hapo Rispa akaniambia, nje, karibu na uzio wa matete, tukivaa viatu. Aliniambia yote niliyoyaandika pale juu, kwa maneno machache kuliko yangu. Nilikuwa nimefunga kiatu kimoja. Cha pili sikuweza kukifunga kwa muda.

"Mwambie Mama," nilisema, "nataka kuisahihisha ile barua."

"Mwambie mwenyewe. Leo si mnaongea?"

Mama mkwe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu. Nilivua kofia. "Mama," nilisema, "si miguu yako."

Alitazama uzio wa matete.

"Barua ile ni yangu, Baba Akinyi," alisema. "Yako utaandika."

Kurudi

Tulirudi kesho yake. Gari halikupasuka gurudumu. Pale penye wachuuzi wa kuku nilinunua vijiti vitatu, na mama mkwe akala chake huku ametazama dirishani, nami nikala changu nimetazama upande wa pili. Ni hatua kubwa, ingawa kwa macho ya abiria wengine tulikuwa watu watatu tu wanaokula kuku. Alishuka Ugunja, akampa Rispa mkono wa kwaheri, na kwangu akatikisa kichwa kidogo.

Anwani yetu tuliwaachia watu wa Kasubi, lakini barua kutoka kwao haijaja. Rispa huulizia posta kila Jumatatu.

Lakini habari nyingine zimefika kabla yake. Kule Alego mama mkwe amewaambia wote kwamba safari ilikuwa nzuri, kwamba mkwe wake alimwonyesha mji mzima, na kwamba hakumkuta rafiki yake kwa sababu ya miguu yake mwenyewe. Akina mama wa kanisa wamemwombea miguu hiyo. Mtu amempelekea mafuta ya kuchua. Wiki iliyopita habari zilifika hadi hapa mtaani kwetu Kaloleni, na wawili kati yenu mliniuliza, kwa nia njema, miguu ya mama mkwe wangu inaendeleaje. Nikajibu inaendelea vizuri, nikanyanyuka nikaenda nyumbani. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikachukua kalamu.

Miguu ya mama mkwe wangu ni mizima. Alipanda kilima cha Kasubi mbele yangu bila kupumzika, na aliyekuwa anangojwa ni mimi.